Sura ya Saba: Inuka Mapema, Inua Baadaye

Mwanamke akirudi nyumbani baada ya kutolewa kizazi, jamaa wengi humkosea mara mbili. Wiki mbili za kwanza, ndugu wakiwa bado wamejaa sebuleni, hulazwa kitandani na kukatazwa hata kwenda uani peke yake. Akisema anataka kunyoosha miguu mpaka mlangoni, huambiwa atafumua nyuzi. Kisha wageni huaga. Dada aliyekuja kutoka Tanga anarudi kwa wanawe, mshono umekauka, mgonjwa anaonekana mzima, na kufikia wiki ya nne ndoo ya maji imeshamrudia. Alilazwa siku ambazo mwili ulitaka asimame, akabebeshwa mzigo siku ambazo mwili ulikuwa bado unajishona ndani. Katika sura hii nitaeleza kwa nini mpango huo ugeuzwe, na namna ya kuugeuza.

Nimemwandikia mgonjwa mwenyewe, lakini ningependa isomwe pia na mume, wifi, mama mkwe na binti mkubwa, kwa sababu mara nyingi wao ndio wanaoamua nani achote maji na nani alale.

Kilichofanyika ndani

Sababu za kutolewa kizazi ni nyingi: uvimbe ambao wengi huuita faibroidi, na ambao huwapata wanawake weusi zaidi kuliko wengine, hedhi isiyokatika, kizazi kilichoshuka, saratani, au damu iliyokataa kusimama baada ya kujifungua, ambapo daktari hulazimika kukitoa usiku huohuo ili kuokoa maisha. Njia nazo hutofautiana. Wapo wanaopasuliwa tumbo, wapo wanaotobolewa matundu madogo machache ambamo vyombo huingizwa, na wapo wanaofanyiwa kupitia ukeni bila kubaki na alama yoyote tumboni.

Kwa ndani kazi ni karibu ileile. Kizazi hushikiliwa na kano zinazokivuta kuelekea kwenye kuta za nyonga, na nyuma kuelekea mwisho wa uti wa mgongo. Ili kitoke, daktari hukata kano hizo, hufunga mishipa mikubwa ya damu, hukibandua kibofu cha mkojo kilichoegemea mbele yake, na kama shingo ya kizazi inatolewa pia, huushona uke juu ukafungwa kabisa. Kano zilizokatwa huweza kushikizwa kwenye ncha hiyo mpya ya uke ili isishuke. Utumbo husogea na kujaza nafasi iliyobaki, kwa hiyo yale maneno ya vibarazani kwamba mwanamke huyo sasa ana tumbo tupu hayana msingi wowote.

Mwanamke aliyefanyiwa kwa matundu madogo au kupitia ukeni ndiye ninayemhofia zaidi. Maumivu yake huisha mapema, hana kovu kubwa la kumkumbusha, na wiki ya pili anajiona amepona. Mshono ulio juu ya uke hauonwi na yeye wala na mama mkwe wake, na huo huhitaji wiki 6 hadi 12 kupona vizuri.

Hata aliyepasuliwa tumbo hudanganywa na ngozi. Ngozi hufunga ndani ya wiki moja au mbili, lakini tabaka za chini yake zina mwendo wao. Katika wiki ya sita kovu huwa limerudisha takribani nusu tu ya uimara wa nyama ya awali. Baada ya miezi mitatu hufikia takribani asilimia 80, na asilimia 100 hairudi tena. Hesabu hiyo ndiyo inayotawala kila ushauri utakaousoma hapa.

Hatari ya kitanda

Siku ya Krismasi mwaka 1809, katika mji wa Danville, Kentucky, huko Marekani, daktari Ephraim McDowell alimpasua mwanamke aliyeitwa Jane Todd Crawford na kumtoa uvimbe wa kifuko cha mayai wenye uzito wa kilo 10 hivi. Dawa ya usingizi ilikuwa bado haijajulikana. Mama huyo alikuwa amesafiri kwa farasi karibu kilomita 100 kumfuata daktari. Siku tano baadaye McDowell alikwenda kumwangalia, akamkuta anatandika kitanda chake mwenyewe. Daktari alishangaa, akamwonya asirudie. Siku 25 baada ya upasuaji mama alirudi kwao, akaishi zaidi ya miaka 30 mingine.

Onyo la McDowell ndilo lililorithiwa na waganga kwa zaidi ya karne nzima, badala ya mfano wa mgonjwa wake. Mwaka 1899 Emil Ries, daktari wa Chicago, aliandika kwamba wagonjwa wake aliowainua mapema walikuwa wakipona vizuri, lakini wenzake wengi waliendelea kuwalaza wagonjwa wao kwa wiki mbili au tatu. Ilibidi ije Vita Kuu ya Pili, vitanda vikawa haba, ndipo hospitali za Ulaya na Marekani zikaanza kuwasimamisha watu. Mwaka 1947 daktari Richard Asher wa London alichapisha makala kali katika jarida la madaktari wa Uingereza akieleza kiungo kwa kiungo jinsi kitanda kinavyomdhuru mgonjwa. Miaka ya 1990 Henrik Kehlet, mpasuaji wa Denmark, akakusanya hatua zote hizo katika utaratibu mmoja: tuliza maumivu vizuri, mpe mgonjwa chakula mapema, ng'oa mipira ya mkojo mapema, msimamishe mapema. Alianza na upasuaji wa utumbo, na leo utaratibu huo hutumika hata kwa waliotolewa kizazi.

Sababu kubwa ya kumsimamisha mgonjwa mapema ni damu. Mishipa ya miguuni hutegemea misuli ya shavu la mguu kuisukuma damu irudi juu. Ukilala siku nzima, damu hutuama, na baada ya upasuaji mwili wenyewe huwa umeifanya damu iwe rahisi kuganda. Bonge likijitengeneza mguuni linaweza kung'oka likapanda mpaka kwenye mapafu, na hapo mtu hufa ghafla, msibani watu wakisema alikuwa anaendelea vizuri. Upasuaji wa nyonga ni miongoni mwa ule unaoleta hatari hiyo zaidi. Mapafu nayo hujaa makohozi kwa mtu asiyeinuka, na utumbo hulala pamoja na mwenye tumbo, hewa ikabanwa mpaka maumivu ya gesi yakazidi ya mshono.

Kwa hiyo mazoezi ya kwanza huanzia kitandani, saa chache baada ya kuzinduka. Pandisha na kushusha nyayo, zungusha vifundo, vuta pumzi ndefu mpaka mbavu zipanuke. Ukitaka kukohoa, kunja khanga nene, ibonyeze juu ya mshono kwa viganja viwili, kisha kohoa. Kuinuka kuna namna yake. Usijikunje kuketi moja kwa moja kutoka chali. Kunja magoti, geuka ubavu mwili mzima kwa pamoja, teremsha miguu nje ya kitanda, kisha jisukume kwa kiwiko na kiganja. Namna hiyo huiacha misuli ya tumbo ipumzike, na ningeshauri uendelee nayo hata baada ya maumivu kwisha.

Siku ya kwanza au ya pili, muuguzi akikubali, tembea mpaka dirishani. Nyumbani, dakika tano hadi kumi mara mbili au tatu kwa siku zinatosha wiki ya kwanza, halafu ongeza kidogo kidogo. Kufikia wiki ya nne hadi ya sita wengi wanaweza kutembea nusu saa kwa mwendo wa kawaida. Kipimo ni kesho yake asubuhi. Ukiamka umechoka kuliko jana, au damu kidogo ya ukeni imeongezeka, au unahisi uzito unaning'inia ukeni, jana ulizidisha, basi rudi hatua moja. Uchovu wa mchana, ule wa kukushika ghafla saa nane, ni wa kawaida kwa wiki nyingi. Lala kidogo, kisha inuka.

Wanaoswali wanaijua ruhusa ya kuswali umekaa kitini, na huu ndio wakati wake. Kurukuu na kusujudu kutarudi kwenyewe maumivu yakipungua.

Misuli isiyoonekana

Wengi wetu tumekilalia kitanda cha kamba, au tumekiona kwa bibi. Fremu ni ya mti, na kamba zilizofumwa katikati ndizo zinazobeba mwili. Nyonga ya mwanamke ina mpango wa namna hiyo. Fremu ni mifupa, na kamba ni misuli iliyotandazwa kutoka kwenye mfupa wa kinena mbele hadi kwenye kifandugu nyuma. Juu yake hukaa kibofu, kizazi na utumbo wa mwisho, na katikati yake hupita njia ya mkojo, uke na njia ya haja kubwa. Uzazi huzilegeza kamba hizo, pia kikohozi cha miaka, choo kigumu, mizigo na umri. Upasuaji wa kizazi haukati kamba zenyewe. Hukata na kufunga upya vile vifundo vilivyokuwa vikisaidia kutoka pembeni, kwa hiyo kazi iliyobaki huziangukia kamba zaidi.

Utafiti mkubwa wa Uswidi uliochapishwa mwaka 2007 uliwafuatilia wanawake zaidi ya 165,000 waliotolewa kizazi kwa sababu zisizo za saratani, ukawalinganisha na wengine karibu 480,000 wenye vizazi vyao. Waliotolewa walikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kufanyiwa baadaye upasuaji wa kuzuia mkojo unaovuja wakati wa kukohoa au kunyanyua kitu. Takwimu hiyo isomwe kwa utulivu. Kwa mwaka mmoja walikuwa wanawake 179 katika kila 100,000, dhidi ya 76 kwa wale wengine. Wengi mno hawakufika huko. Lakini wengi huvujisha kidogo na kunyamaza, wakivaa pedi na khanga ya ziada, wakidhani ndiyo malipo ya kutolewa kizazi. Kuvuja huko kunatibika, na tiba ya kwanza ni mazoezi.

Mazoezi haya huitwa kwa jina la Arnold Kegel, daktari wa wanawake wa Los Angeles, aliyeandika juu yake mwaka 1948. Kilichosahaulika ni kwamba Kegel hakuwaambia tu wagonjwa wake wabane. Alitengeneza kifaa cha kupima mkazo, mwanamke akawa anaona kwa macho yake kama misuli sahihi inafanya kazi. Sisi tumebaki na jina, kifaa tumekiacha. Mwaka 1991 Richard Bump na wenzake huko Marekani waliwaelekeza wanawake 47 kwa maneno mafupi tu, kisha wakawapima. Karibu nusu walibana sawasawa. Robo yao walikuwa wakifanya kinyume, wakisukuma kwa namna ambayo ingeweza kuongeza kuvuja. Kwa hiyo karatasi ya wodini iliyoandikwa "bana misuli ya chini" ni nusu ya msaada, na ndiyo maana nitakaa hapa kidogo.

Lala chali, kunja magoti. Fikiria umekaa mbele ya wakwe na upepo unataka kutoka. Ile hali ya kufunga na kuvuta ndani kwa siri, uso ukiwa mtulivu, ndiyo misuli yenyewe. Sasa ongeza mbele, kwa kuzuia mkojo pia. Utahisi kitu kikipanda juu na ndani. Weka kiganja juu ya kitovu. Hapo pasikakamae. Matako yasibane, mapaja yasiminyane, na pumzi iendelee kuingia na kutoka. Ukihisi kitu kinasukumwa kwenda chini, acha, pumzika, uanze upya. Kioo cha mkononi husaidia: nyama iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa inapaswa kujivuta juu, isitokeze nje. Usiingize kidole ukeni kujipima kabla daktari hajaukagua mshono wa ndani.

Anza baada ya mpira wa mkojo kutolewa na ukiwa umekojoa vizuri. Siku za kwanza shika kwa hesabu ya tatu, uachie kwa hesabu ileile, kwa upole, bila kuzidisha maumivu. Kuachia kabisa ni sehemu ya zoezi. Misuli inayobanwa mchana kutwa huchoka na kuuma, na wapo wanawake ambao shida yao ni kukaza kupita kiasi. Pole pole fikia hesabu ya kumi. Mwongozo wa taifa wa Uingereza hutaka angalau mibano minane, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu au zaidi. Wengi huongeza mibano kumi ya harakaharaka, kwa ajili ya chafya na kicheko. Wiki za kwanza fanya ukiwa umelala, halafu umekaa, halafu umesimama, kwa kuwa mkojo huvuja watu wakiwa wima.

Usifanye zoezi hili kwa kukata mkojo katikati ya kukojoa. Ushauri huo umesambaa sana mitaani, na ni mbaya, kwa sababu humzoesha mtu kutomaliza mkojo.

Kuna ujanja mmoja ambao ningependa kila mwanamke aujue, mwenye kizazi na asiye nacho. Bana kabla. Kabla ya kukohoa, kabla ya kupiga chafya, kabla ya kuinuka kwenye kigoda au kunyanyua birika, bana kwanza, kisha fanya. Janis Miller na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan waliwafundisha wanawake watu wazima ujanja huo mwaka 1998, na ndani ya wiki moja mkojo uliovuja wakati wa kukohoa ulipungua sana. Misuli yao haikuwa imepata muda wa kuongezeka nguvu. Walikuwa wamejifunza saa ya kuitumia.

Wataalamu wa fiziotherapia wanaojua hasa misuli ya nyonga ni wachache kwetu, na wengi wako katika hospitali kubwa. Ukimpata mmoja, hata kwa safari moja tu, nenda akukague. Safari hiyo itakufaa kuliko mwaka wa kubahatisha.

Ndoo

Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji kabla hujahesabu ndoo yenyewe. Miongozo mingi ya hospitali za Ulaya na Marekani humruhusu aliyetolewa kizazi kunyanyua kilo 4 au 5 katika wiki sita za mwanzo, yaani dumu dogo la lita 3 au sufuria ya wastani yenye chakula. Madaktari hawakubaliani wote juu ya kilo hizo, na wapo wanaosema makatazo yamezidi. Mimi nasimama upande wa tahadhari, kwa sababu mjadala huo hufanywa na watu ambao mzigo wanaouwazia ni mfuko wa sokoni unaoshuka nao kwenye gari. Haumhusu mwanamke anayekwenda bombani mara sita kwa siku.

Unaponyanyua kitu kizito huwa unaziba pumzi bila kujua, na tumbo zima hukaza. Nguvu hiyo haina pa kwenda ila chini, kwenye mshono mpya na kwenye misuli ya nyonga. Wakati mbaya kuliko wote ni ule wa kujitwika, pale ndoo inapotoka ardhini kwenda kichwani kwa kishindo kimoja. Kutwishwa na mwenzio hupunguza kishindo hicho, lakini kilo zile zile bado zinakukandamiza kutoka juu. Kwa hiyo kabla ya wiki ya sita jibu ni hapana. Kati ya wiki ya sita na mwezi wa tatu, ongeza kidogo kidogo kutoka kwenye dumu dogo, ukitoa pumzi huku ukinyanyua, na misuli ikiwa imebanwa kwanza. Ndoo kamili ingoje miezi mitatu. Aliyefanyiwa kwa sababu kizazi kilishuka asiirudie kabla ya kumwuliza daktari, na pengine nyumba yake ibadili kabisa utaratibu wa maji.

Jembe, mchi na kinu, mkokoteni, kupiga deki kwa kuinama, kufua mablanketi, na mtoto mgongoni vinaingia kwenye hesabu hiyohiyo. Mtoto wa miaka miwili ana kilo 10 au zaidi, naye haelewi habari za upasuaji. Keti, mwache apande mwenyewe mapajani. Kuchambua mchele, kukata mboga mezani na kukunja nguo ni kazi zinazofaa, na zinamwondolea mama ile fedheha ya kuonekana hafanyi kitu.

Wazee wa Pwani walimkalisha mzazi ndani siku 40, wakimpikia na kumchotea. Daktari akisema wiki sita anasema siku 42. Kama tunaweza kumfanyia hivyo aliyejifungua, aliyetolewa kizazi naye anastahili. Na kwa kuwa upasuaji mwingi wa namna hii hupangiwa tarehe, maji nayo yapangwe kabla: nani atachota, siku zipi, na kama ni wa kulipwa, pesa zitengwe pamoja na za dawa.

Mzigo mwingine hubebwa chooni. Kukamia choo kigumu hukandamiza nyonga sawa na kunyanyua ndoo, na wengi walioteswa na faibroidi hutoka hospitali na vidonge vya kuongeza damu, ambavyo hukausha choo na kukifanya cheusi. Usiviache. Kunywa maji, kula papai, maharage, mboga za majani na ugali wa dona, na ikishindikana omba dawa ya kulainisha mapema, kabla siku hazijawa nyingi. Choo cha kuchuchumaa chenyewe kina mkao mzuri wa kutolea haja, ila kushuka na kuinuka wiki za mwanzo ni kazi, kwa hiyo pawe na kitu imara cha kushika. Wenye choo cha kukalia waweke miguu juu ya kigoda kifupi, wainame mbele, waache tumbo lilegee.

Kikohozi kisichoisha kitibiwe, na moshi wa kuni uepukwe kwa wiki hizo hata kama ni kwa kuhamishia jiko uani.

Kurudi kwenye mwendo

Kuanzia wiki ya pili hivi, ukiwa umelala chali na magoti yamekunjwa, unaweza kuubembeleza mgongo wa chini kwenye godoro, kisha kuuachia, ukiinamisha nyonga mbele na nyuma taratibu. Angusha magoti yote mawili kidogo upande huu, kisha ule. Telezesha kisigino mbali nawe na kukirudisha. Hii ni kukata kiuno kwa kipimo cha mgonjwa, na mwanamke aliyechezwa unyago atakuwa fundi wa zoezi hili kuliko anayemfundisha. Baada ya wiki sita ongeza kunyanyua matako kutoka kwenye godoro, na kuchuchumaa nusu huku umeshika meza. Kukimbia, kuruka kamba na lile zoezi la kujikunja tumbo la kwenye majumba ya mazoezi vingoje miezi mitatu au zaidi, na visirudi kama bado unavuja au unahisi uzito.

Kuna desturi mbili za uzazi ambazo akina mama huzihamishia hapa, nazo zinahitaji kuangaliwa. Kukandwa tumbo kwa maji ya moto kusifanywe juu ya mshono, kwa kuwa kunaunguza ngozi iliyo na ganzi na kulowesha kidonda. Kufunga tumbo kwa khanga kunaruhusiwa ikiwa ni kwa kushikiza tu, ili utembee bila woga. Mkazo wa kumfanya mtu ashindwe kupumua, kwa nia ya kurudisha tumbo dogo, husukuma kila kitu chini, na hapo khanga inafanya kazi ileile ya ndoo.

Tendo la ndoa lingoje angalau wiki sita, na ukaguzi wa daktari. Mume aelezwe sababu: mshono uko mwisho wa uke, na ukifumuka ni dharura. Kama vifuko vya mayai navyo vimetolewa, ukomo wa hedhi huja kwa kishindo, pamoja na joto la ghafla, ukavu na baadaye mifupa kudhoofu. Zungumza na daktari juu ya dawa, na ujue kwamba kutembea kila siku kunaisaidia mifupa pia.

Mazoezi yana mipaka. Mkojo ukitiririka wenyewe mchana na usiku bila kukohoa wala kucheka, usijifunge kwenye mibano. Huenda kibofu au mrija wa mkojo ulijeruhiwa, na hiyo ni fistula, ambayo hutibiwa kwa upasuaji. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imejulikana kwa miaka mingi kwa kazi hiyo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, pumzi ikikatika, homa ikipanda, uchafu wa ukeni ukinuka, pedi ikilowa damu ndani ya saa moja, mkojo ukikataa kutoka, au kitu kikitokeza ukeni ghafla, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Matone ya damu au kipande cha uzi katika wiki za mwanzo, nyuzi za ndani zinapoyeyuka, hayana la kutisha.

Tarehe ya kliniki ya wiki ya sita wengi huiruka kwa kuwa wanajisikia wazima na nauli ni ghali. Nakuomba usiiruke. Nenda, na ukifika usikubali kuangaliwa mshono wa tumbo peke yake. Omba mshono wa ndani ukaguliwe, omba uelekezwe kama unabana misuli sawasawa, na utaje kwa kinywa chako kazi unazofanya nyumbani na uzito wa ndoo unayobeba, kwa maana daktari asipoambiwa hataiwazia. Ukiweza, mchukue na mume au binti asikie jibu mwenyewe.